Punje Nyuma ya Sikio

Siku ng'ombe wa Mzee Turuka Gibai walipomuua mtu kule bondeni, habari ilimkuta Daktari Wankyo Magige akiwa kwenye josho, mikono imelowa dawa hadi viwikoni. Kioo chake cha mkononi, kilichomwonyesha kila ng'ombe wa kata, kilitoa mlio ambao hakuwa ameusikia muda mrefu. Alijifuta kwenye koti, akakitazama. Kwenye ramani, nukta za kundi la Turuka zilikuwa zimebanana mahali pamoja karibu na mto, zimesongamana mno. Halafu taratibu zikaanza kuachana, kama ng'ombe wanavyorudi kula majani wakishamaliza jambo lao.

Wanaume waliokuwa wakiogesha mifugo yao walimzunguka kuuliza kulikoni. Aliwaambia ng'ombe wa Turuka wamesimama. Hakuhitaji kueleza zaidi. Katika kata nzima ya Nyankorongo neno hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba mwizi amekamatwa, na aliyekamatwa na ng'ombe hakuwa wa kupelekwa polisi. Vijana waliwaacha ndama wao ndani ya josho, wakakimbia kuteremka mlima.

Wankyo aliwasha gari lake la umeme akawafuata. Njia ya bondeni ilipita kati ya mashamba ya mahindi yaliyofika kifuani, kushoto na kulia, hadi ukingoni mwa maji. Yeye alikumbuka bonde hilo lilipokuwa pori. Wezi wenye bunduki walikuwa wakivuka kilima cha mashariki, na kila mara walianza na maksai, kwa kuwa walijua nyumba isiyo na maksai hailimi. Watu walirudi nyuma, wakahamia juu kwenye mawe, wakalima vijishamba vya jembe la mkono na kula mara moja kwa siku. Punje ndiyo iliyowarudisha bondeni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipandikiza, ng'ombe mmoja baada ya mwingine.

Alipofika, vijana walikuwa wameshaanza kuimba. Mwili ulikuwa umefunikwa kwa mfuko wa mbolea. Kundi la Turuka lilikuwa linakula majani hatua chache kutoka pale, tulivu kabisa, baadhi yao pembe zikiwa zimelowa damu. Turuka mwenyewe alikuwa amesimama ubavuni mwa ng'ombe mmoja mkubwa mwekundu, ameweka kiganja shingoni mwake, anamsemesha polepole. Alikuwa analima na maksai wawili mwisho wa shamba, kundi lililobaki ameliacha mtoni peke yake, kama watu wote walivyoyaacha makundi yao siku hizi.

Sheria ya punje ilimtaka daktari wa mifugo auangalie mwili kabla haujaondolewa. Wankyo akauinua mfuko.

Alikuwa mwanamke. Gauni la kitenge, ndala mguu mmoja. Mkoba wake ulikuwa umepasuka kwenye majani, vilivyokuwemo vimesambaa: sukari, sabuni, mtandio uliokunjwa vizuri, koti jipya la mwanamume mzee. Wimbo ukakatika kidogo kidogo, kuanzia kwa waliokuwa karibu hadi kwa walio nyuma. Mwanamke mwizi wa ng'ombe hawakuwahi kumwona, na mwizi hatembei na sukari.

Robhi, mke wa Turuka, alikuwa anateremka kutoka nyumbani na sufuria ya uji wa wakulima. Watu walimpisha, hakuna aliyejua kwamba alistahili kuzuiwa. Alitazama mwili kutoka miguuni. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake, na ndivyo kilivyokuwa tangu siku alipouzaa mguu ule. Robhi akaitua sufuria chini, akaiweka sawa isimwagike, kisha akakaa kando ya maiti na kukipakata kile kichwa.

“Ni Mugosi,” akasema.

Turuka alisikia. Mkono wake ulibaki shingoni mwa ng'ombe muda mrefu, kama vile ulikuwa umesahau njia ya kurudi.

*

Punje ni ndogo, haizidi punje ya mtama. Hupandikizwa nyuma ya sikio, nayo huotesha nyuzi nyembamba kuliko unywele hadi kwenye neva za pua. Ng'ombe ananusa, punje inakumbuka. Inajua pia lini ng'ombe ana homa, lini yuko tayari kupandwa, lini ana kiu. Inazungumza na punje za ng'ombe wengine bila mwenye ng'ombe kuingia kati. Kundi moja likijifunza jambo asubuhi, makundi yote ya kata yanalijua kabla ya jua kuzama.

Siku ya kuandikishwa, watu wote wa nyumba huingia zizini na kukaa humo mpaka ng'ombe wawazoee. Kuanzia hapo, mgeni anaweza kupita karibu na kundi, kulisalimia, hata kukaa kivulini pamoja nalo, na hakuna baya litakalompata. Lakini mgeni akishika kamba au fimbo na kuanza kuswaga, au akimnyanyua ndama, punje inaamka.

Hapo mwanzo iliwafanya walale. Watu waliita hatua hiyo Lala: ng'ombe anajilaza chini, hainuki kwa fimbo wala kwa moto, mpaka mwenyewe amnusishe kiganja na kumpigia mluzi. Ilifaa kwa msimu mmoja. Kisha wezi wakatafuta dawa yake. Walianza kupiga risasi ng'ombe waliolala, na baadaye wakawa wanawakamata wachungaji na kuwalazimisha wawainue ng'ombe. Waliogoma waliuawa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Muhiri, mwenyekiti wa ushirika wa wafugaji, kijana aliyekuwa amebakiza muhula mmoja amalize chuo cha kilimo. Baada ya mazishi yake ushirika mzima ulimfuata Wankyo kuomba hatua ya pili, ile ambayo watengenezaji waliiweka ndani ya punje na kuifunga. Wankyo ndiye aliyekuwa na idhini ya kuifungua. Alifungua. Wezi waliofuata hawakurudi kwao, na tangu hapo hakuja mwingine. Watu waliiita Simama.

Kwa watoto walio mbali kulikuwa na utaratibu wake. Wazazi walileta nguo iliyovaliwa, ng'ombe wakanusishwa. Mugosi alikuwa ameolewa Shinyanga miaka kadhaa kabla ya punje. Robhi alileta gauni lake la usichana, alilokuwa amelitunza sandukuni. Lakini alikuwa amelifua kwa sabuni ya unga na kulianika, maana alifikiri si adabu kumpelekea daktari nguo chafu. Wankyo alimweleza kwamba harufu imebaki kidogo sana, na kwamba binti akija, apige simu kwanza kabla hajakaribia zizi. Robhi aliahidi. Mwaka ukapita, na mwingine, Mugosi hakuja. Mume wake alifariki, shemeji zake wakamwondoa nyumbani, akauza simu ili apate nauli. Hayo yalijulikana baadaye, kwa jirani yake wa huko.

Siku ya tatu ya matanga Turuka alimfuata Wankyo ofisini. Alikuwa amevaa lile koti jipya. Lilimpwaya mabegani. Hakukaa. Aliuliza jambo moja tu: binti yake alikuwa anawafanya nini ng'ombe hata wakamuua.

Wankyo alikuwa ameshaangalia kumbukumbu za kundi, tena zaidi ya mara moja. Angeweza kusema kwamba haijulikani. Aligeuza kioo ili mzee aone mwenyewe, akamwonyesha mto, akamwonyesha nukta. Mchana ule wingu zito lilikuwa linatoka kilimani. Kundi lilikuwa peke yake mtoni. Mugosi alitokea njia ya ng'ambo, akalitambua kundi la baba yake, na pengine alimtambua yule ng'ombe mkubwa mwekundu, ambaye alimwacha akiwa ndama. Alipiga mluzi wa zamani. Akawaswaga hatua kadhaa.

“Kuelekea wapi?” Turuka aliuliza.

“Nyumbani, mzee. Alikuwa anawarudisha nyumbani kabla ya mvua.”

Turuka aliitazama ramani kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Kisha akamshukuru, akatoka, akapita njia ya mashambani.

*

Ushirika ulikutana pale pale joshoni, mahali pekee penye kivuli cha kutosha watu wote. Muhiri aliendesha kikao kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu mkatili. Wakati wa matanga alikuwa amelala kwa Turuka kila siku, na jeneza alilitengeneza kwa mbao alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya paa lake. Alisema kwanza kwamba wote wamefiwa. Kisha akampa Robhi nafasi.

Robhi hakuzungumza sana. Alisema anataka Simama izimwe. Hakutaka fidia, wala ng'ombe wauawe. Ng'ombe hawana kosa. Alitaka tu asipite tena njiani akajiuliza kila ng'ombe anayemtazama anawaza nini.

Wankyo aliulizwa kama inawezekana kuzima kwa kundi la Turuka pekee. Akajibu kwamba haiwezekani. Makundi yanafundishana; ukizima moja, mengine yatalirudishia. Ni kuzima kata nzima, au kuacha. Wakamuuliza watengenezaji wamesemaje. Aliwasomea jibu lao, lililokuwa fupi: punje zilifanya kazi kama zilivyokusudiwa, na mfugaji anashauriwa kuandikisha wageni wake mapema. Mtu mmoja nyuma alicheka bila furaha.

Ndipo Muhiri akasema la moyoni. Alieleza jinsi alivyomchukua mtoto wake kutoka malishoni kwenye toroli, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine. Aliwataja wengine waliokufa miaka ile, mmoja mmoja, na kila jina lilikuwa na mama au mke pale kivulini. Aliuliza nani bondeni angethubutu kulima tena Simama ikizimwa, na watoto wangekula nini. Alimgeukia Robhi, akamwita dada.

“Sisemi kifo cha Mugosi ni kidogo,” alisema. “Nasema tukizima, tutazika wengi.”

Kila mtu alimtazama Turuka. Mzee alisimama kwa shida, akashika nguzo ya josho. Alisema yeye amezika ndugu wawili wa tumbo moja kwa risasi za wezi, na sasa amezika binti kwa pembe za ng'ombe wake. Alisema hajui kupima kipi kizito. Lakini anajua kwamba usiku watu wanalala, na kabla ya hapo hawakuwa wanalala.

“Waacheni walivyo,” akasema, kisha akakaa, na hakumtazama mkewe.

Mikono ilinyooshwa. Walio wengi walitaka Simama ibaki. Robhi hakunyoosha upande wowote. Aliinuka, akaufunga vizuri mtandio ule uliookotwa kwenye majani, akaenda zake.

*

Wankyo aliishi na uamuzi ule kwa siku kadhaa. Alikuwa na watu wawili ndani yake, na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mmoja aliwaona watoto wa Nyankorongo waliokuwa wakija zahanati na nywele nyekundu kwa njaa, na akawaona walivyo leo. Mwingine alihesabu wageni: wakwe, mabinti walioolewa mbali, wanafunzi wa bweni waliokua wakabadilika harufu, mlevi atakayempiga ng'ombe kofi ili apate njia. Simama haikuuliza mtu anaelekea wapi. Isingeuliza hata siku moja. Mugosi hakuwa ajali. Alikuwa wa kwanza tu.

Hatimaye alipata njia ambayo aliiona kuwa ya katikati. Wezi hawakuacha kuja kwa sababu ya pembe. Pembe ziliua wezi mara moja tu, miaka iliyopita. Wezi waliacha kuja kwa sababu ya habari iliyoenea masokoni kwamba ng'ombe wa Nyankorongo wanaua. Habari ile ingeendelea kuwepo hata kama Simama haipo, ili mradi hakuna anayejua kwamba haipo. Lala ingebaki, na hofu ingebaki. Kitakachoondoka ni mauti peke yake.

Hili lilimtaka awadanganye watu waliomwamini na mali zao, baada ya wao kusema wazi wanachotaka. Alijua hivyo. Asubuhi moja, watu wakiwa wanakamua, alifunga mlango wa ofisi, akaweka kidole kwenye kioo, akajibu maswali ya usalama, akaizima. Kwenye ramani hakuna kilichobadilika. Nukta ziliendelea kutoka mazizini kuelekea mtoni kama kila siku.

Alimwambia mtu mmoja. Alimkuta Robhi akipukuchua mahindi, akakaa naye, akapukuchua naye, na ndipo akamweleza kwa sauti ya kawaida kwamba ameizima, na kwamba hakuna mwingine anayejua, hata Mzee.

Robhi hakuinua kichwa. Aliuliza kama Muhiri anajua. Wankyo akasema hajui.

“Basi na mimi sijui,” Robhi alisema. Kisha akaongeza, “Ahsante, mwanangu.” Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu matanga, majirani walimwona akikata njia katikati ya ng'ombe kwenda kuteka maji.

*

Masika ikapita, mavuno yakawa mazuri. Kiangazi kilikuja kikali, na habari zilisema huko mashariki mifugo imekufa mpaka watu wanakula ngozi. Wankyo alizisikia habari hizo redioni. Alifikiri kuwasha tena. Kisha siku hiyo hiyo mkwe wa mtu fulani alikuja kutoka Mwanza bila kuandikishwa na kumvuta ng'ombe kamba ili apitishe baiskeli yake, na ng'ombe alijilaza chini, watu wakacheka wakidhani amechoshwa na jua. Wankyo aliwaza kwamba mkwe yule angekuwa maiti. Hakuwasha.

Wezi walikuja mchana. Hawakuwa wengi, na walioona walisema walikuwa wamekonda, miguu peku, bunduki zikiwa nzito kuliko wao. Habari za ng'ombe wanaoua walikuwa nazo. Walikuja hivyo hivyo, kwa kuwa walipotoka hapakuwa na kilichobaki cha kuogopea.

Waliliendea kundi la Muhiri. Muhiri alikuwa karibu, anarekebisha mfereji, na mkewe alikuwa juu kidogo, kwenye viazi. Mkewe ndiye aliyesimulia baadaye. Alipowaona alimpigia mumewe kelele akimbie, na mumewe alimsikia, maana aligeuka akampungia mkono kumtuliza. Hakukimbia. Aliliacha jembe, akatembea mpaka katikati ya ng'ombe wake, akasimama hapo amekunja mikono, akawangoja. Mke alisema alikuwa na uso wa mtu aliye ndani ya nyumba yake na mlango umefungwa.

Mwizi wa kwanza aliinua fimbo. Ng'ombe wote wakalala.

Muhiri aliwatazama. Alimsukuma mmoja kwa mguu, kisha akainama akamwambia kitu. Mke hakusikia ni nini. Alimwona tu mumewe akizunguka kati ya ng'ombe waliolala, anawagusa, mmoja baada ya mwingine. Wezi walimtaka awainue. Akakataa, kama mtoto wake alivyokataa. Walimpiga risasi, wakapiga ng'ombe wachache, wakakata nyama walizoweza kubeba mabegani, wakaondoka mbio na hizo.

Wankyo aliona kwenye kioo nukta zikizimika. Alifika akamkuta Muhiri kati ya ng'ombe wake wazima, ambao walikuwa bado wamelala, wanacheua. Hakuna aliyewahi kujua kama Simama ingewazuia watu wale, au kama ingewaua wachache tu na Muhiri angepigwa risasi vilevile. Lakini Wankyo alijua jambo moja: Muhiri asingesimama pale kama angejua.

*

Watu hawakuelewa. Kabla ya mazishi walikuwa wameshaanza kusema punje zimechakaa, wezi wana dawa mpya, Muhiri alikuwa na mkosi. Wengine walitaka watengenezaji washtakiwe. Wankyo angeweza kukaa kimya, na wala pasingetokea mtu wa kumbishia.

Walipomaliza kufukia kaburi, kabla watu hawajaanza kutawanyika, alimwona Robhi akisimama upande wa wanawake, amefumbata mikono kifuani, mdomo umeshafunguka. Alijua anachotaka kusema. Wankyo akamtangulia. Alipita mbele, akasimama karibu na mjane, akasema kwamba ni yeye aliyeizima Simama, lini, na kwa nini. Alisema alifanya peke yake na hakumwambia mtu.

Robhi alikaa chini taratibu.

Udongo ulikuwa bado unateremka kwenye tuta la kaburi. Vijana wawili walisogea kwa Wankyo, na Turuka akajiweka kati yao mpaka wakarudi nyuma. Mjane wa Muhiri ndiye aliyezungumza. Hakupaza sauti.

“Alikuamini. Ungemwambia tu. Angekukasirikia, lakini angekimbia.”

Wankyo alishuka mwenyewe hadi kituo cha polisi.

Polisi walimchukua maelezo, wakayaandika, wakashindwa kulipa kosa lake jina. Wilaya ilimwondoa kazini. Ilitumwa daktari mwingine, kijana mpole, ambaye siku aliyofika aliweka kidole chake kwenye kioo na kuirudisha Simama, watu wakishangilia. Kisha, kwa ombi la ushirika, akafuta harufu ya Wankyo. Ilikuwa rahisi. Punje ziliambiwa zimsahau, na kufikia jioni zote zilikuwa zimemsahau.

Aliondoka asubuhi, kwa miguu, kwa kuwa gari lilikuwa la serikali. Makundi yalikuwa yametapakaa pande zote mbili za barabara. Alikuwa amewazalisha mama zao, amewakata kwato, amewachoma sindano, wengine aliwatoa tumboni kwa mkono wake. Walikuwa wakiinua vichwa anapopita, wote kwa mara moja, wanavuta hewa, kisha wanaendelea kula.

Karibu na shamba la Turuka alisikia mtu akimwita. Robhi alikuwa amepiga magoti nyuma ya mtamba aliyelala ubavu, kanga amejifunga kiunoni, mikono imejaa ute. Mtamba alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza, na uzazi ulikuwa umekwama. Turuka alikuwa kilimani. Daktari mpya alikuwa wilayani. Kundi zima lilikuwa hapo, limewazunguka.

Wankyo alisimama upande wa pili wa uzio wa katani, akauliza anaona nini. Robhi akasema mguu mmoja na pua. Wankyo akamwambia asivute, asukume kwanza kichwa kirudi ndani, atafute mguu wa pili umekunjikia wapi, aufunike ukwato kwa kiganja ili usichane mfuko wa uzazi. Alimwelekeza hivyo, neno baada ya neno, jua likipanda, mikono yake mwenyewe ikijikunja na kujikunjua kwenye uzio. Robhi alilia kwa uchovu lakini hakuacha. Mwishowe akasema ameupata. Mtamba aliposukuma, akavuta, na ndama akateleza nje mwili wote kwa pamoja, mweusi, mkubwa, hahemi.

Wankyo akamwambia atoe ute puani. Amwingize jani kwenye tundu la pua. Amsugue mbavu, kwa nguvu, kwa nguvu zaidi. Amnyanyue miguu ya nyuma. Robhi alijaribu kumnyanyua, hakuweza. Alikuwa mwanamke mzee aliyejikamua asubuhi nzima.

“Anapumua?”

“Hapumui. Moyo ndio unapiga.”

Wankyo aliujua muda uliobaki, ulikuwa mfupi sana. Aliujua uzito wa ndama yule mikononi, na jinsi ya kumning'iniza, na mahali pa kukandamiza. Hakufikiri. Aliweka mguu kwenye uzio, akajirusha juu yake, mguu mmoja ukatua ndani.

Ng'ombe wote wakaacha kula. Yule mkubwa mwekundu aligeuka mzima mzima, akamtazama.

Robhi aliwaona. Alimwangalia ndama miguuni pake, akamwangalia Wankyo. Kisha akainuka, akanyoosha mkono wake uliolowa damu, kiganja kimeelekezwa mbele.

“Rudi nyuma, Daktari.”

“Mama, naweza kumwokoa.”

“Najua unaweza. Rudi.” Hakuushusha mkono. “Sina nguvu ya kuzika mwingine.”

Wankyo aliutoa mguu wake polepole, akarudi upande wa barabara. Robhi alipiga magoti tena, akaweka kiganja juu ya kifua cha ndama, akakiacha hapo mpaka pakawa hapana tena cha kusikiliza. Mtamba aliinuka kwa kuyumbayumba, akageuka, akaanza kumlamba mtoto wake.